Anayebonyeza mwili na aulize kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tiba ya kubonyeza mwili kwa vidole, maarufu kama akupresha, ambayo imeingia mijini mwetu hapa Uganda. Sina ugomvi na tiba hiyo. Asili yake ni China, haihitaji sindano wala dawa, na wengi wamepata nafuu ya kichefuchefu kwa kubonyezwa upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo wa kiganja kuelekea kiwiko. Wasiwasi wangu ni kwa mbonyezaji anayeanza kazi bila kuuliza swali hata moja.

Chukua mguu. Abiria aliyekaa ndani ya basi kutoka Kampala hadi Arua akishuka shavu la mguu mmoja limevimba, lina moto na linauma, hakosi mtu wa kumwambia kwamba damu imesimama na inafaa isukumwe. Huenda kweli damu imeganda mshipani, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa bonge hilo likibonyezwa linaweza kung'oka, likafuata mkondo wa damu hadi mapafuni na kumuua mtu ambaye asubuhi alikuwa akitembea. Mguu wa namna hiyo usikandwe hata kidogo. Upelekwe hospitali siku hiyohiyo. Tahadhari kama hiyo inamhusu anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, ambaye huvilia damu upesi, na mgonjwa wa kisukari mwenye nyayo zilizokufa ganzi, ambaye hawezi kusema inatosha kwa sababu hasikii maumivu.

Kwa wajawazito, mafundi wenyewe wa tiba hii tangu zamani huepuka sehemu iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, pamoja na ile ya ndani ya mguu, vidole vinne juu ya kifundo, wakiamini kwamba huamsha uchungu wa kuzaa. Mwanamke aulizwe basi kama ana mimba, lakini aulizwe faraghani, maana mbele ya foleni ya wateja, au mbele ya mama mkwe, wengi watajibu hapana.

Kichwa kinachouma pamoja na homa kipimwe malaria kabla ya kidole chochote kukigusa. Pande za koo, ilipo mishipa mikubwa ya damu, zisibinywe.

Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2019, inayotaka watoaji wa huduma hizi wasajiliwe. Naziomba serikali za miji zipite vibandani na kuwadai vyeti vyao, nasi wateja tusione haya kuviulizia kabla ya kuvua viatu.

Msomaji wako,
Arua