Barua ya wazi kwa Afisa Kilimo wetu wa wilaya: shamba darasa limetuacha njia panda

Mheshimiwa, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi za kazi. Mimi ni mkulima wa huku vijijini Tabora, tumbaku kidogo, mahindi, karanga.

Msimu uliopita mlituletea shamba darasa la mahindi pale barabarani, mbegu chotara, nafasi ya sentimita 75 mstari hadi mstari kwa 30 mche hadi mche, mbolea ya DAP ya kupandia, ya urea ya kukuzia, na bango juu. Kiukweli mahindi yalitoka mazuri. Ila mlibadilisha vyote kwa mpigo alafu pembeni hamkuacha hata mstari mmoja wa kienyeji wa kulinganishia, sasa mimi mwenye hela ya kitu kimoja tu ninunue kipi? Na siku ya kuvuna hamkuonekana, watoto wakachoma mahindi wakamaliza, hakuna aliyepima hata debe moja.

Alafu hiyo 75 mkuu huku haiingii. Mahindi wengi tunayaweka kwenye matuta ya tumbaku ya mwaka uliopita, na tuta la tumbaku hadi jingine ni sentimita 120, nani atabomoa heka nzima kwa jembe la mkono? Nikakaa na kalamu ya mwanangu nikapiga hesabu. 75 kwa 30, mche mmoja mmoja, ni kama miche 44,000 kwa hekta. Ukibaki na tuta lako ukaweka mbegu mbili kila shimo, shimo hadi shimo sentimita 37 na nusu, unapata miche ileile! Kwenye karatasi imekubali, ila mahindi mawili yakigombania shimo moja kwenye mchanga wetu huu, yatabeba au yatatoa vigunzi? Hilo ndo jaribio tunalolitaka na sijaona mtu akilifanya huku kwetu.

Mimi kidogo nimejaribu mambo ya mbolea. Matuta manne urea niliweka kizibo cha soda kila shimo nikafukia, manne mengine nikaimwaga juu juu kama tulivyozoea. Mvua ikagoma karibu wiki nzima, jua la Februari unalijua, na urea ikiachwa juu ya udongo nitrojeni yake, ile inayoyapa majani ukijani, inapaa na hewa. Yale ya juu majani ya chini yakaanza unjano kutokea nchani kurudi katikati, yaliyofukiwa yakabaki kijani mpaka yanachanua. Nikafurahi weee, mpaka mama akanikumbusha upande ule wa kijani ndo lilikuwepo zizi la mbuzi la babu. Basi ushahidi wangu ukaishia hapo.

Ndo maana naomba jaribio liwe kwenye mashamba ya watu sita saba tofauti, kila shamba libadilishwe kitu kimoja tu, matuta yachaguliwe kwa kura, na ya kawaida yaachwe katikati yake. Watafiti wa kilimo wa TARI Tumbi wapo hapahapa mkoani, waombeni watupangie. Tangu ruzuku ya 2022 ilipoushusha mfuko wa DAP na wa urea hadi 70,000 jirani zangu nao wameanza kununua, na kuimwaga ikapaa ni hela yetu na ya serikali pia.

Kamba ninayo, vizibo ninavyo, mizani nitaazima kwa mnunuzi wa karanga. Matuta kumi na mawili upande wa mwembe nimeyaacha hayajaguswa, mbali na zizi la babu. Njooni kabla mvua za Novemba hazijakolea, na mwezi wa kuvuna mrudi.