Na waya je, mhariri?

Mhariri, pole kwa kazi. Kwenye makala yenu ya kuangalia video za intaneti kwenye tivii mnasifia waifai tu, sisi wa nyumba za matofali hapa Jinja ukuta mmoja tu na picha inaganda. Kisanduku cha tivii, kile kinacholeta video za intaneti kwenye skrini, kikiwa na tundu la etheneti (la kebo ya intaneti) nyuma, chomeka kebo ya mtandao aina ya Cat5e toka kwa ruta, inafika mpaka mita 100 bila noma. Kama hakina, kuna adapta ya kuchomeka kwenye yuesibi ikupe tundu hilo, ila uliza kwanza kama kisanduku kitaitambua, maana wauzaji watakwambia inakubali kote, wapi! Zile adapta za kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme chomeka ukutani moja kwa moja, kwenye ekstensheni spidi inashuka. Mimi kebo naiamini zaidi. Tuandikieni basi bei za vitu hivi huko Kampala.

Msomaji, Jinja