Mashine za dubwi: wakazi tuulizwe kwanza

Mhariri,

Nauza vitumbua Mtwara mjini, kwenye njia ya wanafunzi. Msimu wa korosho uliopita tulishtukia mashine za dubwi, yaani za kamari ya sarafu, kibanda cha jirani. Mkutano wa mtaa haukuitishwa. Najua leseni hutoka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Lakini Bodi haimwoni mtoto mwenye sare akidumbukiza sarafu ya mia mbili aliyopewa ya kitumbua (na biashara yangu, sifichi, imeyumba). Sisi tunamwona. Maombi ya leseni yaambatanishwe na muhtasari wa mkutano wa mtaa, na tangazo libandikwe mlangoni mapema, mwenye pingamizi aseme.

Mama Vitumbua,
Mtwara