Mtungi wa pili ndio kipimo cha nishati safi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni kuhusu namna tunavyopima mafanikio ya nishati safi majumbani. Karibu kila taarifa inayotolewa na serikali, mashirika ya umeme au wafadhili juu ya suala hili hutaja idadi ya kaya zilizounganishwa, idadi ya mitungi ya gesi iliyogawiwa na idadi ya majiko yaliyosambazwa. Takwimu hizo si za uongo. Kasoro yake ni kwamba zinaishia siku ile kifaa kinapoingizwa ndani ya nyumba, ilhali umaskini wa nishati hujitokeza baadaye, gesi inapokwisha, au mita inapoonyesha kwamba zimebaki uniti mbili na siku ya mshahara bado iko mbali.

Ukubwa wa tatizo lenyewe unafahamika. Watu wapatao bilioni 2.1 duniani bado wanapikia kuni, mkaa, samadi, mafuta ya taa na nishati nyingine zenye moshi, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba ilisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020. Katika nchi za baridi umaskini huohuo una sura nyingine: nyumba yenye kuta zinazopitisha joto nje na unyevu unaoota ukungu, ambayo wakazi wake hawamudu kuifikisha hata nyuzi 18 za Selisiasi zinazopendekezwa na shirika hilohilo kwa ajili ya afya. Anayevuta moshi jikoni na anayelala na makoti mawili wote wana shida moja, kwamba kipato hakitoshi kununua nishati inayohitajika kwa maisha ya kawaida.

Kuhusu kuhesabu vifaa, India imetoa fundisho kubwa. Mwezi Mei 2016 serikali ya nchi hiyo ilizindua mpango uitwao Pradhan Mantri Ujjwala Yojana, uliowawezesha wanawake wa kaya maskini kupata huduma ya gesi bila kulipa amana ya mtungi, na kufikia Septemba 2019 kaya milioni 80 zilikuwa zimeandikishwa. Hiyo ni kazi ambayo mtu wa haki hawezi kuibeza. Lakini wakaguzi wa hesabu za serikali walipoupitia mpango huo walikuta kwamba wanufaika walikuwa wakijaza mitungi mara chache kuliko wateja wengine, maana amana ilikwisha kuondolewa, ila gharama ya kujaza ilibaki palepale. Serikali yenyewe ilirekebisha mwendo wake: Mei 2022 ilianza kutoa ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi wa kilo 14.2 ambao kaya hizo zinajaza, na Oktoba 2023 ikaipandisha hadi rupia 300. Kwa maneno mengine, kilichokuwa kikikwamisha kaya hizo ni mtungi wa pili na wa tatu, na hapo ndipo msaada ulipopaswa kuelekezwa tangu mwanzo.

Wapo watakaosema kwamba kupika kwa gesi siku mbili tatu kwa wiki ni afadhali kuliko kutopika nayo kabisa. Mfukoni, huenda. Kwa mapafu ya mtoto jibu si rahisi hivyo. Utafiti mkubwa uliofanyika Malawi, ambao matokeo yake yalichapishwa mwishoni mwa 2016, uliwafuatilia watoto zaidi ya 10,000 walio chini ya miaka mitano, baadhi yao wakitoka katika kaya zilizopewa majiko yanayounguza kuni kwa ufanisi zaidi na wengine katika kaya zilizoendelea na moto wa kawaida. Watafiti hawakuona tofauti katika ugonjwa wa nimonia baina ya makundi hayo mawili. Moshi uliopungua kidogo bado ni moshi, na nyumba inayochanganya nishati safi na mkaa kwa sababu ya bei inaweza kubaki na hewa mbaya ileile. Kwa hiyo kaya yenye jiko la gesi lililofunikwa kitambaa juu ya kabati na mafiga yanayowaka uani haistahili kuandikwa miongoni mwa kaya zilizohamia nishati safi.

Hata vipimo vinavyotazama matumizi vina mtego wake. Mtafiti wa Uingereza Brenda Boardman, mwaka 1991, alipendekeza kwamba kaya ihesabiwe kuwa na umaskini wa nishati ikiwa inahitaji kutumia zaidi ya asilimia 10 ya kipato chake ili kupata nishati ya kutosha. Neno la kutazamwa hapo ni «inahitaji». Wengi waliokifuata kipimo hicho hutazama kiasi ambacho kaya imelipa kweli, kwa kuwa ndicho kinachopatikana kwa urahisi katika takwimu za matumizi, na papo hapo maskini kuliko wote wanatoweka kwenye hesabu. Mama anayezima friji usiku, anayepiga pasi mara moja kwa wiki na kupika mlo mmoja tu kwa siku ana bili ndogo sana, na kwa kipimo hicho ataonekana kuwa hana shida yoyote. Takwimu itamsifu kwa kubana matumizi. Sijui kama kuna sekta nyingine ambamo kujinyima kunaweza kusomwa kuwa ni maendeleo.

Yapo pia mambo ya bei ambayo kwa kawaida huachiwa wataalamu, na ambayo yangefaa kujadiliwa hadharani. Mwenye fedha kidogo hununua nishati kwa kiasi kidogo, mkaa kwa kopo na mafuta ya taa kwa kibaba, na akipiga hesabu ya mwezi mzima anakuta amelipa kwa kila kilo au lita zaidi ya yule anayenunua kwa jumla. Kwenye umeme, tozo isiyobadilika ya kila mwezi humwangukia zaidi anayetumia uniti chache, kwa kuwa inagawanywa kwenye uniti hizo chache. Nao utaratibu wa bei nafuu kwa watumiaji wadogo, ambao nia yake ni njema kabisa, hugeuka adhabu katika nyumba za kupanga ambamo vyumba sita vinatumia mita moja: kila chumba kina balbu mbili na redio, lakini mita inajumlisha vyote, inavuka kiwango cha bei nafuu, na wapangaji wanalipa bei ya mwenye jumba la kifahari. Anayekusanya fedha za umeme katika nyumba kama hizo anaijua hesabu hii kuliko mtunga sera yeyote.

Mpangaji ndiye hasa aliyesahauliwa katika mazungumzo ya mageuzi haya. Bei ya paneli za sola iliporomoka kwa takriban asilimia 90 katika muongo wa 2010, na nchi nyingi zimetoa misamaha ya kodi na ruzuku kwa wanaozifunga. Ni jambo jema, ila anayefunga paneli ni mwenye paa. Mwenye nyumba hana sababu ya kugharimia kuta zinazohifadhi joto au hita yenye ufanisi wakati bili inalipwa na mwingine, naye mpangaji hawezi kuwekeza katika jengo ambalo anaweza kutakiwa kulihama wakati wowote. Pasipo masharti kwa wenye nyumba, ruzuku hizo zitaendelea kuwafikia waliokwisha kujiweza, na sehemu ya gharama yake itarudi kwenye bili za wasiojiweza.

Siyasemi haya ili kuipinga teknolojia. Jiko la mafiga hufikisha kwenye sufuria pungufu ya moja ya tano ya nguvu iliyomo ndani ya kuni. Sufuria ya umeme ya shinikizo, inayojifunga na kuhifadhi joto lake, hupika vyakula vya kuchemsha kwa muda mrefu kwa chini ya nusu ya umeme unaotumiwa na jiko la sahani. Na pampu ya joto, kifaa kinachovuta joto lililopo nje na kulileta ndani ya nyumba, hutoa uniti tatu hivi za joto kwa kila uniti moja ya umeme. Vifaa hivi vingeweza kupunguza gharama za kila mwezi kwa wanaovihitaji zaidi, endapo wangevipata kwa malipo ya polepole badala ya mkupuo. Tena nikiri kwamba ruzuku ya jumla kwenye bei ya nishati haina utetezi, kwa sababu anayetumia zaidi ndiye anayefaidi zaidi. Ninachokitetea ni unafuu kwenye uniti za mwanzo na mitungi ya mwanzo ya kila mwaka, unaohesabiwa kwa kaya wala si kwa mita, pamoja na kuondolewa kwa tozo zisizobadilika kwa watumiaji wadogo.

Jambo la kuanzia halihitaji hata bajeti kubwa. Mita za malipo ya kabla hurekodi kila ununuzi, na kampuni za gesi zinajua ni mitungi mingapi iliyorudi kujazwa. Wadhibiti wa nishati wanaweza kuagiza takwimu hizo zitangazwe kila robo mwaka bila kutaja majina ya wateja: ni mita ngapi zilizokaa mwezi mzima bila kununuliwa hata uniti moja, na ni wateja wangapi wapya wa gesi ambao hawakujaza tena baada ya miezi sita. Nawe, Mhariri, ungetusaidia wasomaji wako iwapo waandishi wako wangeuliza maswali hayo mawili kila wanapoalikwa kwenye uzinduzi wa mradi wa nishati, kisha wakarudi mwaka mmoja baadaye katika kaya zilezile kutazama ni jiko lipi linalotumika.

Wako,
Msomaji wa gazeti lako