Barua kwa Mwanangu: Mwambie Kabla Hajaulizwa

Chumbageni, Tanga

Mwanangu,

Salaam nyingi. Sisi hapa wazima. Mguu wangu ni ule ule, na somo yangu, binti yako, kapona mafua, leo kaenda shule. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana usiku, asubuhi nikaurudia nikidhani labda masikio yamenidanganya. Kwa simu sitaweza kukujibu, nitalia au nitafoka, ndiyo maana nakuandikia.

Unasema umeudhika kwamba mkeo ameitiwa semina Manila kabla ya kuruhusiwa kusafiri, na kwamba anaitwa yeye peke yake, wewe unabaki nje kama mtuhumiwa. Umelalamikia nauli ya kutoka kwao Iloilo, umelalamikia pa kulala, umesema serikali yao inawaona waume wote wa kigeni ni matapeli. Halafu katikati ya malalamiko hayo hayo ukapenyeza jambo lingine, haraka haraka, kwamba ingekuwa vyema mtoto akakae Muheza kwa shangazi yake kwa muda, "mpaka mambo yatulie".

Hapo ndipo nikajua kwamba hujamwambia mkeo kuwa una mtoto.

Kama nimekosea niambie, nitakuomba radhi mbele ya ukoo mzima. Lakini mama yako nakujua. Ukiwa na jambo unalolificha hugombana na kitu kingine kilicho mbali nalo. Safari hii umegombana na serikali ya Ufilipino.

Hiyo semina mimi naijua kuliko wewe, maana mkwe wangu alinieleza yote mwenyewe, taratibu, akirudia nilipokwama. Inaendeshwa na tume yao inayoshughulikia Wafilipino walio ng'ambo, tume iliyoundwa tangu 1980. Kila Mfilipino anayeondoka kumfuata mume au mke wa kigeni sharti apite hapo. Kwanza wanakaa kundi zima, wanaelezwa sheria za huko waendako, haki zao ndani ya ndoa, mume akigeuka mkali wakimbilie wapi. Kisha kila mmoja anaonana na mshauri peke yake. Anaulizwa mlikutana wapi, mmejuana kwa muda gani, anafanya kazi gani, mtaishi na nani, aliwahi kuoa, ana watoto. Akimaliza anapewa cheti. Asipokuwa nacho, maofisa wa uhamiaji pale uwanja wa ndege watamzuia, na tiketi mliyoilipia itakwenda na maji.

Ana watoto? Mkeo atajibu nini hapo?

Aliniambia pia, akicheka, kwamba umemwandikia majibu ayasome njiani. Mimi sikucheka. Nimesimama mbele ya darasa la saba mpaka nywele zikageuka rangi, na mtoto aliyekariri majibu namtambua kabla hajakaa: anaulizwa swali la pili, anajibu la tatu. Yule mshauri kazi yake ya kutwa ni kusikiliza mabibi harusi. Unadhani atashindwa kumjua aliyepewa maneno na mumewe? Na hata asipomjua, umemtuma mkeo akaseme mbele ya ofisi ya serikali yake jambo ambalo wewe unajua si kweli, na yeye hajui kwamba si kweli. Hilo ndilo limeninyima usingizi, mwanangu.

Usiniambie tena kwamba karatasi zako zote ni safi. Najua ni safi, kile cheti cha kutokuwa na pingamizi la ndoa nilikihangaikia mimi, na benchi la ile ofisi nalijua kila msumari. Kinasema hujawahi kuoa, na kweli hukuwahi kuoa, mama yake somo yangu mliachana kabla hata ya barua ya posa. Jina lako lilibandikwa kule manispaa siku 10 kama sheria yao inavyotaka, sawa na sisi tunavyotoa tangazo siku 21, na hakuna aliyeleta pingamizi. Nani angelileta? Mtoto wa darasa la pili asome ubao wa matangazo wa Iloilo? Hata semina ile ya wachumba, ya kabla ya kupata leseni ya ndoa, ulikaa nayo mpaka mwisho ukanitumia na picha umeshika cheti unacheka. Ile mlikaa wawili. Hii usipokuwepo ndiyo inakuwa udhalilishaji.

Unauliza wanatutakia nini. Mkeo kanieleza hilo pia, nawe ungemsikiliza badala ya kumwandikia majibu ungelijua. Kulikuwa na watu huko waliofanya biashara ya kuwatangaza wasichana kwa wanaume wa nje, picha na maelezo kwenye katalogi, mwanamume anachagua. Mwaka 1990 serikali ikatunga sheria ya kuikataza. Biashara ikahamia kwenye intaneti, na mwaka 2016 wakatunga sheria mpya inayogusa na huko, na inayowalinda wanaume pia. Wapo walioolewa hivyo wakafika ugenini wakakuta mume ana mke mwingine, au wakafanywa watumishi wa ndani wasiolipwa. Wameweka hata namba ya simu, 1343, ya kuripoti watu wanaosafirishwa kwa hila. Wewe si mtu wa aina hiyo, nalijua hilo, nimekuzaa. Yule mshauri hajakuzaa.

Na mimi hapa nilipo ninawaonea wivu. Unamkumbuka binti wa jirani yetu wa nyuma, aliyekuwa akikusaidia hesabu. Alipokwenda Muscat, Oman, nani alimwita pembeni akamwuliza unayekwenda kwake unamjua? Wakala alimpa tiketi usiku, asubuhi yuko Dar, kesho yake yuko kwenye nyumba ya watu na pasi yake iko kabatini kwa mwajiri. Mama yake alikuwa anakuja hapa kibarazani kupiga simu kwa vocha yangu, na simu haipokelewi. Binti amesharudi. Hazungumzi sana. Kwa hiyo ukiniambia kuna nchi inamkalisha binti yake kitini ikamwuliza kabla hajapanda ndege, usitarajie nikuonee huruma.

Jambo lingine sidhani kama umelifikiria. Kwetu ndoa ikishindikana kuna baraza la usuluhishi, kuna mahakama, Sheria ya Ndoa ya 1971 imeacha mlango. Kwao hakuna talaka, isipokuwa kwa Waislamu. Ukimwacha wewe huku, itabidi yeye aende mahakamani kwao, atafute wakili, athibitishe talaka ya kigeni, ndipo aweze kuolewa tena. Mwanamke anayeingia ndoa kama hiyo anastahili kujua anaingia kwenye nyumba yenye watu wangapi. Nyumba hii ina watu watatu mkishafika? Wanne. Hesabu hiyo ulifundishwa na mama yako.

Sikatai kwamba umefanya vizuri mengi. Ulianza Doha jikoni, unaosha masufuria, ukaondoka unasimamia zamu ya mapokezi, na sijasahau kwamba hata mwezi ule mlipocheleweshewa mshahara ada ya mtoto ilifika. Wenzio wanaozaa wakasahau nawaona kila siku hapa mtaani. Wewe hukusahau kutuma. Ila kutuma unatuma kwangu, na jina unaloandika ni langu, mkeo akiangalia simu yako anaona unamtunza mama. Anakusifu kwa hilo. Ameniambia wazi kwamba kilichomvutia kwako ni jinsi unavyomtunza mama yako. Nikanyamaza, nikamwuliza habari za hali ya hewa.

Na ile siku tulipopigiana kwa video, somo yangu akapita nyuma yangu na sare ya shule, mkeo akauliza huyu mrembo ni nani. Nikasema mjukuu wangu. Hakuuliza wa mtoto yupi, nami sikuongeza. Tangu siku ile nikiona namba yake huwa namtuma mtoto dukani kwanza, hata kama chumvi ipo. Wewe umetaka kumpeleka Muheza, mimi nimekuwa nampeleka dukani.

Sasa amekuwa mkubwa, anajua. Anajua baba amepata mchumba wa mbali, ameziona picha za harusi, amemchora mkeo na gauni lile jeupe akambandika juu ya kitanda chake. Juzi ameniuliza kama yeye atamwita mama au shangazi. Nikamwambia tutamwuliza mwenyewe akija. Anajifunza kusema karibu kwa Kiingereza. Nimpeleke Muheza nimwambie nini?

Tuje kwenye nyumba. Chumba chenu kimeshapigwa lipu, bado rangi. Fundi alitaka kuweka dirisha dogo eti la kisasa, nimemkatalia, chumba kile jua la saa tisa linakipiga ukutani, mtaokwa. Wavu wa dirishani nimemwambia auweke mpya wote, mbu wa hapa hawajui nani mgeni. Chandarua nimenunua, nipe kipimo cha kitanda mnachotaka maana nilichonacho ni cha tano kwa sita. Choo cha ndani kinafanya kazi ila maji yanatoka kwa mgao, kwa hiyo pipa litakaa pale pale, mwambie mapema asishangae. Mita ya umeme, LUKU, nimeiacha kwa jina langu.

Chakula hakinipi wasiwasi. Kumbe na wao ni watu wa wali asubuhi mchana jioni, wanakausha samaki, wanapika kwa tui la nazi. Alinionyesha kwenye simu mboga ya majani na tui, nikaona ni kisamvu kimekosa kutwangwa. Atakaa na mimi jikoni vizuri. Pilipili ndiyo sina uhakika.

Nakuonya pia juu ya fedha zake. Ana wazazi, ana mdogo wake chuoni, na alikuwa akiwatumia tangu Doha. Ukifika hapa usije ukajifanya mhasibu wake. Pasi yake akae nayo mwenyewe, si kwenye mkoba wako wala kwenye sanduku langu. Na asikimbilie kuomba uraia wa hapa kwa kuwa watu watamshauri hivyo. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, atalazimika kuuacha wa kwao. Akate kibali cha ukaazi kwanza, ajue kama anatuweza. Ubalozi wao ulio karibu nasi uko Nairobi. Namba nimetafutiwa na kijana wa duka la stesheni, nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani chini ya namba ya fundi bomba, ataiona kila akienda kuchukua chai. Usikasirike. Hata angekuwa binti yangu wa kumzaa ningemwandikia hivyo.

Utasema kwamba ukimwambia sasa atakuacha. Huenda. Huenda akakasirika wiki nzima, akarudi kwa mama yake, semina ikaahirishwa, tiketi ikapotea. Mimi ninaweza kuuza ule mbuzi tukachangia tiketi nyingine. Lakini akifika hapa, akashusha sanduku, akakuta picha ile aliyochorwa juu ya kitanda cha mtoto anayefanana na wewe paji mpaka kidevu, hapo sina cha kuuza. Na atakuwa mbali na mama yake, mbali na dada yake, na mtu pekee wa kumlilia atakuwa mimi, ambaye nilimwambia "mjukuu" nikanyamaza.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Muheza mtoto haendi. Kitanda chake nimekihamishia chumbani kwangu kwa ajili ya rangi tu, kikikauka kinarudi kwenye chumba chake kidogo. Semina mmesema ni Jumanne. Jumatano jioni ya huku nitampigia mkeo kwa video kumwuliza imekwendaje, na somo yangu atakuwa amekaa kitini kando yangu, amechana nywele. Sitamtuma dukani. Mpaka hapo una muda. Mwambie mkiwa mmekaa, asubuhi, si usiku mtu amechoka, wala si ndani ya meli mkienda Manila. Mwambie jina lake, mwambie amezaliwa lini, mwonyeshe ile picha ya siku ya kwanza ya shule. Yale majibu uliyomwandikia yachane.

Akitaka kuzungumza nami kabla ya Jumanne, saa yoyote, nipo.

Hela ya saruji imefika, ahsante. Imebaki kidogo, nimenunulia kitasa. Fundi anauliza rangi: yeye anapendekeza ya maziwa, somo yangu anataka ya buluu. Mwulize mkeo, chumba ni chake.

Mama yako.