Veda si msahafu wa Wajaini

Bwana Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nilipokuwa kijana na sijawahi kukuandikia. Lakini ile habari ya Jumapili kuhusu hekalu la Kijaini hapa Mombasa imenishinda. Ati Wajaini ni dhehebu la Kihindu na "msahafu wao ni Veda". Nani kamwambia mwandishi wako? Ujaini ni dini yake peke yake, iliyozaliwa India, na Wajaini hawakubali kabisa mamlaka ya Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu.

Maandiko yao huitwa Agama, tena si kitabu kimoja. Matawi makuu ya Wajaini ni mawili. Katika tawi la Washvetambara, wenye kutumia sanamu huhesabu 45, wenzao Wasthanakvasi, wasiotumia sanamu, 32. Tawi la pili, Wadigambara, husema Agama za asili zilishapotea, wakashika maandiko mengine kama Shatkhandagama. Maandiko hayo ya Agama watawa waliyahifadhi kifuani kwa karne nyingi. Mapokeo ya Washvetambara husema njaa kubwa iliua wengi wa wahifadhi hao, na ni baraza la Valabhi, kule Gujarat, katika karne ya 5, lililoyaweka yaliyosalia kwenye maandishi. Anga ya 12, yaani cha mwisho katika vile vitabu vikuu vya Agama, iitwayo Drishtivada, ilikuwa imekwisha potea. Mkasa wote huo kijana wako kaufuta kwa neno moja!

Mimi nilikuwa mjalidi wa vitabu. Mzee mmoja wa Kijaini aliniletea Kalpa Sutra, mojawapo ya maandiko yao, ya kutengenezwa: kurasa ndefu, nyembamba, zisizoshonwa, zimefungwa kwa kitambaa. Kwanza akaniuliza gundi yangu ni ya nini. Ya mifupa akaikataa, nikapika ya unga wa ngano. Nilipolamba kidole ili nifunue ukurasa akanishika mkono, maana mate hayagusi maandiko. Wala hakutaka yawekwe sakafuni hata kidogo. Watu wanaoheshimu karatasi kiasi hicho, gazeti linawapachika kitabu cha wengine, na wahariri wawili watatu wanapitisha!

Na shuleni ni yale yale. Mjukuu wangu aliandika "Agama" kwenye mtihani akakoseshwa. Mwalimu alikuwa na kitabu cha marudio kinachosema Veda. Nimekiona kitabu chenyewe. Uzi hakuna, ni gundi tupu, ukikifungua mara mbili kurasa zinakumwagikia mapajani. Bei yake usiulize.

Paryushan, sikukuu yao kubwa ya kila mwaka, ikifika, mtume mwandishi wako akaombe ruhusa ya kuketi Kalpa Sutra inaposomwa. Amalize kula kabla jua halijazama, kama wao, na daftari lake alipakate.

Mjalidi mstaafu,
Mombasa