Eabegi zisiuzwe pamoja na siti za ngozi

Ndugu Mhariri,

Juzi kwenye ukurasa wenu huu kuna msomaji kaandika eti sisi wa huku kati tumezoea mitumba ya Japani, ndo maana wauza gari mpya hawana haja na sisi. Mi nampinga. Hela ya gari mpya watu wanayo, siyo wote lakini wapo, mwambie aje Kibaigwa msimu wa mahindi ajionee. Shida ni kwamba ukishaenda na hela yako, gari unayoitaka haipo, ipo inayofanana nayo.

Nitaje ninachotafuta, muone kama natafuta makubwa. Dabo kebini (pikapu ya milango minne) ya dizeli, fowili yaani inayovuta kwa tairi zote nne, gia za manyuo za kubadili mwenyewe, siti za kitambaa, ringi za inchi 17, eabegi (mifuko ya hewa inayofumuka gari ikigonga) za mbele na za pembeni, na ule mfumo wa ESC unaozuia gari kuserereka. Basi, nimemaliza. Sanrufu sitaki, taa za urembo mlangoni sitaki. Na kila nilichotaja kiwanda kinakitengeneza, ila vyote kwenye gari moja hapa nchini sijavipata. Gari ya gredi ya chini, yaani toleo lenye vifaa vichache, niliyooneshwa Dar ina manyuo na kitambaa vizuri kabisa, lakini eabegi ni mbili tu, dereva na abiria wa mbele, wa nyuma wajijue. Nikiuliza za pembeni napelekwa gredi ya juu, na kule juu gia ni otomatiki, siti ni ngozi, ringi ni 18, na bei imepanda mamilioni. Ni kama mama ntilie kukwambia maharage yapo ila sharti uchukue na kuku.

Kuna watakaosema ngozi si heshima bwana, chukua. Sawa, paki gari yenye siti nyeusi za ngozi pale soko la Majengo saa nane mchana mwezi wa kumi, halafu ingia na kaptula.

Ringi nazo watu wanaona ni urembo tu, hapana. Tairi ya 265/65 R17 ukuta wake wa pembeni ni kama milimita 172 (hiyo 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni asilimia ya huo upana), ya 265/60 R18 ni milimita 159. Kwa nje zinakaribia kulingana kabisa, tofauti ni kwamba kwenye 17 una mpira mwingi zaidi kati ya jiwe na ringi. Kwenye lami ya Dodoma kwenda Iringa au Kondoa hutajua, ila mi nauza pembejeo, na mteja wangu haishi kwenye lami, yuko ndani huko Chemba, yuko vijiji vya Bahi ambako mvua ikinyesha ule udongo mweusi unanasa gari mpaka mje kumi. Na ringi ya chuma ikipinda fundi wa kijijini anaigonga unaendelea na safari, ya aloi ikipasuka umelala hapo.

Manyuo ni kwa sababu ya mizigo na miteremko, gari imejaa mbolea unataka uishike na gia ya pili mwenyewe, na betri ikilegea porini vijana wanasukuma inawaka. Najua otomatiki za siku hizi nazo unaweza kuchagua gia, sizitukani, ila hiyo ya kusukuma haifanyi.

Sasa kinachoniuma kweli ni usalama. Muuzaji mmoja kaniambia, tena kwa upole tu, "mzee hivyo ni vitu vya fulu opsheni". Vya fulu opsheni vipi? Mkanda wa pointi tatu tunaoufunga wote leo alibuni Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na Volvo wakaruhusu kampuni nyingine zote zitumie bila kudaiwa kitu. Hawakusema mpaka ununue na redio nzuri. Hiyo ESC, inayolinganisha usukani unapoelekea na gari inapoelekea halafu ikabana breki ya tairi moja moja kukurudisha njiani, Ulaya ni lazima kwenye gari zote mpya tangu mwishoni mwa 2014, na Marekani walitangulia. Kamera ya nyuma Marekani ni lazima tangu Mei 2018. Yaani kule ni kama kioo cha pembeni, haiuzwi kama anasa, ila ikifika huku inahamia ukurasa wa anasa pamoja na sanrufu. Na sisi ndo tunaopishana na malori usiku barabara ya Morogoro.

Na hapa ndo napataka watu wapaelewe kabla ya kulipa. Vipo vitu unaweza kufunga baadaye: redio, kamera, bampa ya chuma, kenopi, snokeli, ndoano ya kuvutia tela, hata siti unaweza kuvalisha ngozi kama unaipenda sana. Angalia tu fundi asikate waya hovyo maana waranti inaweza kukusumbua. Lakini eabegi za pembeni huwezi kumpelekea fundi, ESC huwezi, kubadili otomatiki iwe manyuo utatumia hela ya kununua pikipiki na gari isikae sawa. Kwa hiyo vile visivyofungika baadaye ndo vingekuwepo kwenye gredi ya chini, urembo ukakaa juu kwa wenye nafasi. Wenzetu wauza gari wamepanga kinyume chake kabisa.

Nawaelewa upande mmoja. Wateja wao wakubwa ni serikali, miradi na makampuni, wanaonunua gari nyingi za aina moja kwa tenda, kwa hiyo muuzaji anaagiza kile ambacho tenda inataka, na kila mchanganyiko wa ziada ni gari inayoweza kukaa yadi mwaka mzima imefungia mtaji. Sawa. Lakini si waseme? Tovuti inaonesha picha ya gredi ya juu na bei ya "kuanzia" ya gredi ya chini, jedwali la nini kipo wapi halipo, unapiga simu kila mtu anakujibu lake. Kwenye mitumba, japo ukikuta imezidi miaka minane TRA wanakuongezea kodi ya uchakavu, angalau unakaa na simu yako unachagua mwaka, gia, mafuta, rangi, unaoneshwa mpaka mkwaruzo kwenye bampa. Mwenye hela ya gari mpya ndo anabahatisha!

Ninachowaomba ni vitu vya kawaida. Profoma, ile karatasi ya bei unayopewa kabla ya kulipa, iandike kila kifaa, siyo jina la gredi tu. Oda ya kiwandani ipokelewe hata ya mtu mmoja, waseme itachukua miezi mingapi na amana inarudishwaje wakichelewa, mi nasubiri, kwani nina haraka gani. Na gari iliyokaa yadi waseme imekaa. Hili la mwisho unaweza kulikagua mwenyewe: kwenye tairi, mwisho wa ile namba ya DOT kuna tarakimu nne, 2324 maana yake wiki ya 23 mwaka 2024. Ukikuta tairi zina miaka miwili na gari inaitwa ya mwaka huu, uliza kwa sauti.

Mhariri, naomba na hili ulichapishe. Kwa walioko Dodoma, Singida na jirani wanaotaka dabo kebini ya namna hii, manyuo, kitambaa, ringi 17, eabegi za pembeni na ESC, waandike kwenye ukurasa huu. Gari moja wanaweza kuipuuza, ila tukienda na oda ya gari kumi za aina moja nadhani watafungua kile kitabu cha oda za kiwandani. Rangi kila mtu atachagua yake, mi nyeupe.

Muuza pembejeo,
Kibaigwa, Dodoma